Mafuta ya Sahara Magharibi: hayajatoka, lakini karatasi zake zinafanya kazi

Swali: «Shikamoo mwalimu. Kwenye mjadala wetu chuoni mwenzangu alidai kwamba mgogoro wa Sahara Magharibi ni wa mafuta, na kwamba tangu yagunduliwe huko, Moroko haiwezi kuiachia nchi ile asilani. Mimi nilibisha, nikasema ni suala la ukoloni tu, mafuta hayamo. Nani yuko sahihi? Na kama Umoja wa Mataifa unasema eneo lile bado halijajitawala, kampuni za nje hupata wapi ruhusa ya kutafuta mafuta? Mwisho, sisi Watanzania tuko upande gani siku hizi?»

Marahaba. Mwenzako amekosea jambo kubwa, nawe umekosea dogo. Kosa lake ni kudhani kuna mafuta yanayochimbwa. Mpaka leo hakuna pipa hata moja la kibiashara lililotoka ardhini wala baharini mwa Sahara Magharibi. Kosa lako ni kudhani kwamba kwa kuwa hayajatoka basi hayamo kwenye mgogoro. Yamo, tena sana, ila yanafanya kazi kwa njia ambayo watu wengi hawaitazami: kupitia mikataba ya kuyatafuta.

Tuanze na tarehe, maana zinamaliza nusu ya ubishi wenu. Uhispania ilijitangazia eneo lile mwaka 1884. Umoja wa Mataifa uliliingiza katika orodha ya maeneo yasiyojitawala mwaka 1963, na bado limo. Polisario, chama cha kupigania uhuru cha Wasahrawi, yaani wenyeji wa eneo lile, iliundwa Mei 1973, ikaanza kupigana na Wahispania. Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa ushauri wake: yalikuwepo mahusiano ya utiifu kati ya Sultani wa Moroko na baadhi ya makabila ya jangwani, lakini hayakuwa mahusiano ya mamlaka juu ya ardhi yanayoweza kuwanyima wenyeji haki ya kuamua hatima yao. Wiki tatu baadaye, tarehe 6 Novemba, Mfalme Hassan II aliwavusha mpaka raia wapatao 350,000 katika kile kilichoitwa Maandamano ya Kijani. Tarehe 14 Novemba Uhispania ikasaini makubaliano ya Madrid na kuzigawia Moroko na Mauritania utawala wa koloni lake. Februari 1976 Polisario ikatangaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahara. Mauritania ilichoka, ikajitoa 1979, na Moroko ikachukua sehemu yake pia.

Katika hadithi yote hiyo mafuta hayatajwi. Kampuni za kigeni zilikuwa zimetoboa visima kadhaa enzi za Wahispania, miaka ya 1960, zikaambulia dalili tu. Kilichotajwa kilikuwa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Machimbo ya Bou Craa yalianza kusafirisha mzigo mwaka 1972, kwa mkanda wa kubebea wenye urefu wa karibu kilomita 100 kutoka machimboni hadi pwani. Katika mpango wa Madrid Uhispania ilibakiwa na asilimia 35 ya kampuni ya machimbo hayo. Mkoloni alipofunga mizigo, alikumbuka kubaki na hisa.

Ukitaka kuona uchumi unavyochorwa ardhini, utazame ukuta. Kuanzia 1980 jeshi la Moroko lilijenga tuta la mchanga na mawe, likalizungushia mabomu ya ardhini, na kufikia 1987 lilikuwa na urefu wa takriban kilomita 2,700. Sehemu ya kwanza kuzungushiwa ilikuwa pembetatu ya El Aaiún, Smara na Bou Craa, yaani mji mkuu, mji wa kihistoria na machimbo. Leo upande wa magharibi wa ukuta, kama asilimia 80 ya eneo lote, uko mikononi mwa Moroko, na humo mna fosfeti, uvuvi na miji. Upande wa mashariki wa Polisario ni jangwa tupu. Wakimbizi, ambao Umoja wa Mataifa uliwakadiria kuwa zaidi ya 170,000 mwaka 2018, wako ng'ambo ya mpaka, kwenye kambi za karibu na Tindouf nchini Algeria, na kambi hizo zimepewa majina ya miji waliyoikimbia.

Sasa mafuta. Ili uelewe yalivyoingia, kumbuka ahadi ya kura ya maoni. Mapigano yalisitishwa tarehe 6 Septemba 1991 kwa makubaliano kwamba Wasahrawi wangepiga kura kuchagua uhuru au kuungana na Moroko, na kikosi cha Umoja wa Mataifa, MINURSO, kilipelekwa kwa kazi hiyo. Kura ikakwama kwenye orodha ya wapigaji. Sensa ya Wahispania ya 1974 ilihesabu watu wapatao 74,000. Moroko ikataka maelfu kwa maelfu ya wengine waongezwe, ikisema ni watu wa makabila yaleyale walioishi kaskazini. Mwanzoni mwa mwaka 2000 MINURSO ilikamilisha orodha ya muda yenye watu kama 86,000. Rufaa zilizowasilishwa zilizidi 130,000. Hapo kura ikafa, ingawa hakuna aliyeandika cheti cha kifo.

Oktoba 2001, wakati mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, James Baker, akihangaika kutafuta njia nyingine, shirika la mafuta la Moroko lilisaini mikataba miwili ya uchunguzi wa awali: mmoja na TotalFinaElf ya Ufaransa kwa bahari ya Dakhla, mwingine na Kerr-McGee ya Marekani kwa bahari ya Boujdour. Kila kitalu kilizidi kilomita za mraba 100,000. Kwa pamoja vilifunika karibu pwani nzima ya nchi ambayo kwenye vitabu vya Umoja wa Mataifa haikuwa ya Moroko.

Kwa nini wakati ule? Kwa sehemu ni jiolojia. Mwaka huohuo wa 2001 mafuta yalipatikana Chinguetti, baharini mwa Mauritania, na wanajiolojia wakaanza kuiangalia kwa jicho jipya pwani yote ya Atlantiki kutoka Senegal hadi Moroko. Kwa sehemu ni njaa ya nishati: Moroko huagiza kutoka nje karibu mafuta yake yote. Mwaka 2000 mfalme mwenyewe, Mohammed VI, alilitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana Talsinnt, mashariki mwa nchi yake, na matumaini yakaja kuyeyuka. Lakini mimi naamini sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko hizo. Kura ikiwa imekufa, kila upande ulihitaji namna nyingine ya kuthibitisha kwamba nchi ni yake. Mkataba wa mafuta ni kitu kizuri sana kwa kazi hiyo. Una ramani yenye mipaka. Unatumia sheria za dola inayotoa leseni. Unasainiwa na mgeni tajiri, mwenye serikali kubwa nyuma yake, anayekubali kwa saini yake kwamba mwenye mamlaka ya kumruhusu ni huyu na si yule. Hata kisima kikiwa kikavu, saini imeshawekwa.

Baraza la Usalama liliona hatari hiyo, likamwomba mshauri mkuu wa sheria wa Umoja wa Mataifa, Msweden Hans Corell, atoe maoni. Waraka wake wa tarehe 29 Januari 2002 ndio kila mwanafunzi wa jambo hili anapaswa kuusoma kabla ya kubishana, na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Corell alisema mambo mawili. Kwanza, makubaliano ya Madrid hayakuhamisha mamlaka juu ya eneo lile, wala hayakumfanya yeyote kuwa msimamizi wake halali, kwa sababu Uhispania haikuwa na uwezo wa kugawa hadhi hiyo peke yake. Kwa hiyo Moroko haimo katika orodha ya wasimamizi wa maeneo yasiyojitawala. Pili, mikataba ile miwili ya uchunguzi peke yake haikuwa haramu, lakini kazi ya utafutaji ikiendelea mbele hadi uchimbaji bila kujali maslahi na matakwa ya watu wa Sahara Magharibi, sheria ya kimataifa itakuwa imevunjwa.

Umeona mlango ulipo? Kampuni zikashika nusu ya kwanza ya jambo la pili: «uchunguzi si haramu». Polisario ikashika nusu ya mwisho: «maslahi na matakwa». Kila upande ukautumia waraka uleule kama ngao. Nikiulizwa maoni yangu kama mwanasheria, Corell aliacha upenyo mpana mno. Huwezi kumruhusu mtu apime nyumba ya mwenzake chumba kwa chumba, kisha useme kosa litaanza siku atakapohamia.

Maneno yale mawili, maslahi na matakwa, hayafanani uzito. Maslahi unaweza kuyahesabu: barabara, ajira, maji. Moroko ina hoja hapo, na tusiifiche. Novemba 2015 ilizindua mpango wa maendeleo wa dirham bilioni 77 kwa majimbo inayoyaita ya kusini, na atembeleaye El Aaiún au Dakhla atauona ujenzi. Matakwa hayahesabiki kwa saruji. Ni lazima mwenye haki aulizwe, na aulizwe akiwa na nafasi ya kukataa. Tena mwenye haki ni nani? Wakazi wa leo wa El Aaiún, wengi wao wakiwa wamehamia kutoka Moroko, au watu wa asili wa nchi ile, wengi wao wakiwa Tindouf? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika hukumu yake ya tarehe 4 Oktoba 2024 kuhusu biashara na uvuvi, ilitenganisha makundi hayo mawili waziwazi: kushauriana na wakazi si kupata ridhaa ya watu wa Sahara Magharibi. Ilikwisha kusema tangu 2016 kwamba eneo lile ni tofauti na Moroko.

Turudi kwa kampuni. Total iliondoka 2004. Kampuni ya Norwe iliyokuwa ikipima mitetemo ya chini ya bahari ilijitoa baada ya kelele kubwa nyumbani kwao. Juni 2005 wizara ya fedha ya Norwe iliondoa hisa za Kerr-McGee katika mfuko wa mafuta wa taifa lile, kwa sababu kazi yake ilikuwa inaelekea kuimarisha madai ya Moroko. Norwe yenyewe ni nchi ya mafuta, kwa hiyo haikuwa rahisi kuipuuza kama sauti ya wanaharakati. Mwaka uliofuata Kerr-McGee nayo ikaondoka.

Kitalu chake cha Boujdour kikabaki na Kosmos Energy ya Dallas. Desemba 2014 meli yake ilianza kutoboa kisima CB-1 kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Huu ndio uchimbaji ambao huenda mwenzako alikuwa anaufikiria. Machi 2015 matokeo yakatangazwa: gesi na kondensati (mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi) zimeonekana, lakini si kwa kiasi cha kibiashara. Kisima kikazibwa. Mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulitoa maoni yake ya kisheria, makali kuliko ya Corell, kwamba utafutaji na uchimbaji unaofanywa kwa idhini ya Moroko si halali. Total, iliyokuwa imerudi 2011 na kitalu cha Anzarane, ikaondoka tena mwisho wa 2015. Ilipofika 2018 Kosmos nayo haikuwepo.

Wafuasi wa Polisario husimulia kuondoka huku kama ushindi wa sheria na kampeni. Mimi nakubali nusu. Kampuni iliyo sokoni haipendi kuulizwa maswali na wenye hisa kila mwaka, na mikataba mingi ilikufa kwa sababu hiyo. Lakini bei ya mafuta nayo ilikuwa imeanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 50 Januari 2015, na Kosmos hiyohiyo, mwaka uleule wa 2015, iligundua gesi nyingi sana kwenye mpaka wa bahari wa Mauritania na Senegal. Gesi ile imeanza kutoka. Kama CB-1 ingekuwa na kiasi kama kile, sidhani kama barua za wanasheria zingetosha kuizuia. Fosfeti ni ushahidi: ipo, ina wanunuzi, na imesafirishwa miaka yote hii. Iliyowahi kukamatwa ni shehena moja moja, kama ile ya meli Cherry Blossom iliyozuiwa Port Elizabeth Mei 2017 ikiwa na tani zaidi ya 50,000 zilizokuwa zikienda New Zealand. Mahakama ya Afrika Kusini iliamua mwaka uliofuata kwamba mwenye mali ni jamhuri ya Wasahrawi. Ushindi mzuri. Baada ya hapo meli za mzigo huo zikaanza kukwepa bandari za Afrika Kusini.

Na Polisario je? Nayo imo kwenye mchezo wa karatasi. Mwaka 2002 ilisaini mkataba wa kuchunguza bahari yake na kampuni ya Australia, Fusion Oil. Mwaka 2005 ikaitisha zabuni ya vitalu, ikavigawa kwa kampuni ndogondogo na za kati, kwa sharti kwamba leseni zitaanza kufanya kazi siku jamhuri yao itakapotambuliwa kikamilifu. Mwaka 2009 ikatunga sheria ya mipaka yake ya bahari. Kwa hiyo kipande kilekile cha bahari kina wagawaji wawili: mmoja mwenye jeshi la majini bila hati, mwingine mwenye hoja ya kisheria bila hata mtumbwi. Siwalaumu, kwani ukinyamaza wakati mwenzako anachora ramani, kimya chako kitasomwa kama kukubali. Ila kijana aliyezaliwa kambini Tindouf anaposikia vitalu vinagawiwa, anajengewa picha ya utajiri unaomngoja baharini, na wanajiolojia hawajauona bado.

Mfano wa Timor Mashariki ungewasaidia kwenye mjadala wenu. Mwaka 1989 Australia ilisaini na Indonesia mkataba wa kugawana mafuta ya bahari ya Timor, wakati Indonesia ikiikalia nchi ile kwa nguvu. Ureno, mkoloni wa zamani wa Timor, ikaishtaki Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1995 mahakama ikasema haiwezi kuamua kesi kwa kuwa Indonesia haikuwepo mahakamani. Huko mafuta yalikuwepo kweli, na bado Timor ikapata uhuru wake 2002. Kwa hiyo hoja ya mwenzako kwamba penye mafuta hapaachiliwi haisimami. Kilichobadilika ni siasa za Jakarta baada ya Suharto kuanguka.

Nishati ambayo imeusukuma mgogoro huu kweli miaka ya karibuni si ya Sahara Magharibi. Ni gesi ya Algeria. Agosti 2021 Algeria ilivunja uhusiano na Moroko. Mwisho wa Oktoba mwaka huo mkataba wa bomba la gesi lililopita Moroko kwenda Uhispania ulikwisha, Algeria ikakataa kuuongeza, na Moroko ikapoteza gesi iliyokuwa ikiipata kwa kupitisha bomba lile. Machi 2022 Uhispania, mkoloni wa zamani, ikageuka na kuunga mkono mpango wa Moroko wa kuipa Sahara Magharibi mamlaka ya ndani chini ya bendera yake. Algeria ikasimamisha mkataba wake wa urafiki na Madrid. Marekani ilikuwa imeshatambua mamlaka ya Moroko tangu Desemba 2020, wiki chache baada ya mapigano ya Moroko na Polisario kuanza tena kule Guerguerat, kusini mwa eneo lile. Ufaransa ikafuata kwa barua ya Julai 2024, na Uingereza ikaunga mkono mpango huo Juni 2025. Tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2797, likaufanya mpango wa Moroko kuwa msingi wa mazungumzo, kwa kura 11. Urusi, China na Pakistan hazikupiga upande wowote, na Algeria haikushiriki kura.

Leseni nazo zimerudi. Desemba 2022, miaka miwili baada ya Moroko na Israel kurudisha uhusiano, kampuni ya Israel, NewMed Energy, na mwenzake Adarco walipewa kitalu cha Boujdour Atlantique, shirika la serikali ya Moroko likibaki na asilimia 25. Uko pia mradi wa bomba la gesi kutoka Nigeria hadi Moroko, unaozungumzwa tangu 2016. Ukilitazama kwenye ramani utaona haliwezi kufika Moroko kwa njia ya pwani bila kupita Sahara Magharibi. Kila serikali ya Afrika Magharibi itakayosaini ujenzi wake itakuwa imesema jambo kuhusu mpaka ule, ipende isipende.

Kuhusu Tanzania. Tuliitambua jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978. Novemba 1984, kwenye mkutano wa Addis Ababa, ujumbe wa Wasahrawi uliketi katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Moroko ikatoka kwa hasira, na Mwalimu Nyerere akachaguliwa mwenyekiti wa umoja kwenye mkutano uleule. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI alikuja Dar es Salaam, akasaini mikataba mingi na kuahidi, miongoni mwa mengine, msikiti mkubwa Kinondoni. Januari 2017 Moroko ikarudishwa katika Umoja wa Afrika. Lugha yetu imepoa tangu hapo, ingawa utambuzi wenyewe haujafutwa. Majirani zetu Kenya wamehangaika zaidi: Septemba 2022 Rais Ruto alitangaza mtandaoni kwamba wameifutia jamhuri ile utambuzi, tangazo likaondolewa muda mfupi baadaye, na Mei 2025 wakauunga mkono mpango wa Moroko.

Lipo jambo lililotokea Arusha ambalo wengi hapa nchini halikuwafikia. Raia mmoja wa Ghana alizishtaki nchi nane, Tanzania ikiwemo, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, akidai kwamba kwa kuirudisha Moroko bila masharti ziliwasaliti Wasahrawi. Hukumu ilitoka tarehe 22 Septemba 2022. Mahakama haikuzitia hatiani nchi hizo kwa tendo lile, lakini ilisema kwamba sehemu ya ardhi ya Wasahrawi inakaliwa na Moroko, na kwamba nchi zote za Umoja wa Afrika zina wajibu wa kutafuta suluhu ya kudumu na kutofanya lolote la kuuhalalisha ukaliaji huo. Ukiisoma hukumu hiyo pamoja na waraka wa Corell, jiulize kama kampuni ya Kitanzania au benki yetu ikialikwa kesho kuingia kwenye kitalu cha Boujdour, au kugharimia sehemu ya bomba lile, itakuwa na ruhusa. Mimi ningeiandikia isisaini.